Tisa kwa nini? Kisa cha kikundi kilichotaka kuandika idadi ya majaji katika Katiba ya Uganda

Usuli

Mwishoni mwa mwaka 2022, kikundi cha mdahalo kinachoendesha mambo yake kwa Kiswahili katika mji mmoja wa mpakani, mashariki mwa Uganda, kiliamua kuandika pendekezo la kurekebisha Katiba. Majina ya watu, ya kikundi na ya mji yameachwa, na kazi za baadhi yao zimebadilishwa wasije wakatambulika. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Walikuwamo mama anayeuza mitumba pande zote mbili za mpaka, vijana wa boda boda, polisi mstaafu ambaye kila mtu humwita Afande, karani mstaafu wa mahakama, na wakili kijana aliyekuwa akija kila alipopata nafasi. Kikundi kilikuwa kimepata wanachama wapya tangu Julai mwaka huo, Baraza la Mawaziri lilipoamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni.

Hoja yenyewe ilitoka Marekani. Aprili 2021 baadhi ya wabunge wa huko walipeleka mswada wa kuongeza majaji wa Mahakama ya Juu kutoka 9 hadi 13. Wapinzani wao walikuwa na jibu la sentensi moja: Katiba irekebishwe iseme kwamba mahakama hiyo itakuwa na majaji tisa. Wengi hawajui kwamba namba tisa haimo katika Katiba ya Marekani. Ni sheria ya kawaida ya mwaka 1869. Mahakama ilianza na majaji 6 mwaka 1789, ikawa na 7 mwaka 1807, 9 mwaka 1837, 10 mwaka 1863. Mwaka 1866 Bunge, likiwa limekosana na Rais Andrew Johnson, liliamuru viti vipungue hadi 7 kwa kutojazwa kila kimoja kinapoachwa wazi. Johnson alipoondoka, tisa ikarudi. Mwaka 1937 Franklin Roosevelt alitaka kuongeza hadi majaji sita, mmoja kwa kila jaji aliyepita umri wa miaka 70 na nusu bila kustaafu, na Seneti iliyojaa watu wa chama chake mwenyewe ikaurudisha mswada kwenye kamati kwa kura 70 dhidi ya 20. Mwaka 1954 Seneti ilipitisha kwa kura 58 dhidi ya 19 pendekezo la kuifunga tisa ndani ya Katiba, ila Baraza la Wawakilishi halikulishughulikia.

Kijana wa boda boda aliyeleta habari hiyo alimaliza kwa swali: "Na sisi je? Wetu ni wangapi, na nani anaweza kuwaongeza?"

Sheria ya Uganda inavyosema

Ibara ya 130 ya Katiba ya 1995 inasema Mahakama ya Juu itakuwa na Jaji Mkuu na majaji wengine wasiopungua sita, kwa idadi itakayowekwa na Bunge kwa sheria. Kuna sakafu ya watu saba basi, na dari hakuna. Mwaka 2011 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mahakama, idadi ikawa Jaji Mkuu na majaji kumi. Kura iliyohitajika ilikuwa ya wingi wa kawaida tu, na ndiyo ingehitajika wakati huo kama mtu angetaka ishirini.

Majaji huteuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama na kuidhinishwa na Bunge. Hustaafu wakiwa na miaka 70. Rufaa za kawaida husikilizwa na majaji wasiopungua watano, kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili. Rufaa zinazotoka Mahakama ya Katiba zina sharti lake katika Ibara ya 131(2): jopo kamili. Asiyeweza kuhudhuria, Rais huteua kaimu kujaza nafasi yake.

Hesabu hizi si za darasani. Mwaka 2001 kesi ya kupinga uchaguzi wa Rais iliamuliwa kwa kura 3 dhidi ya 2. Ya mwaka 2006, 4 dhidi ya 3. Rufaa ya kupinga kuondolewa kwa ukomo wa umri wa Rais, Aprili 2019, nayo 4 dhidi ya 3. Katika kila moja, jaji mmoja angegeuka na nchi ingepata jibu jingine. Kwa hiyo kikundi hakikuwa kinahangaika na jambo la kufikirika, hata kama kiliingia kwa mlango wa Marekani.

Rasimu ya kwanza

Kikao cha kwanza kilikwenda haraka mno. Rasimu ilisema: "Mahakama ya Juu itakuwa na Jaji Mkuu na majaji wengine wanane." Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu. Marekani wana tisa. Kesi ya uchaguzi ya mwaka 2016 ilisikilizwa na majaji tisa, na hukumu ikawa ya kauli moja. Tena tisa haigawanyiki kwa mbili. Walio wengi walinyosha mikono, Mwalimu akaandika ubaoni, ikaonekana kazi imekwisha.

Mama wa mitumba ndiye aliyeuliza, "Hao tisa atawachagua nani?" Akajibiwa kwamba hilo ni jambo lingine, si la leo. Naona hapo ndipo kikao kilipopotea njia, kwa sababu swali lake ndilo lililorudi kila mara baadaye, likivaa nguo tofauti.

Viti vya plastiki

Kikao kilichofuata karani mstaafu aliwaomba vijana wampangie viti kumi na moja mbele ya darasa, vile vya plastiki vya kukodi kwenye harusi. Kimoja kilikuwa cha bluu, akakiweka katikati: Jaji Mkuu.

"Hii ndiyo mahakama ya sheria ya 2011," akasema. "Nyinyi mnataka tisa." Akachomoa viwili na kuvishika mkononi. "Hawa wawili niwapeleke wapi?"

Kijana mmoja akasema warudishwe Mahakama ya Rufani. Karani akatikisa kichwa, akamwomba wakili asome Ibara ya 128(8): ofisi ya jaji haiwezi kufutwa ikiwa ina mwenyewe. Viti vikarudi kwenye mstari. Kupunguza idadi kungewezekana tu kwa kungoja watu wastaafu au wafariki, kama Marekani walivyofanya mwaka 1866, na rasimu haikuwa na neno hata moja kuhusu kipindi hicho cha mpito.

"Haya, tuseme mmengoja, mmebaki na tisa." Akaondoa viwili tena, safari hii kwa ruhusa ya wote, kisha akaanza kuvigeuza vilivyobaki kimoja kimoja, mgongo ukielekea watu. Huyu ametimiza miaka 70 mwezi uliopita, kiti hakijajazwa. Huyu amepandishwa kutoka Mahakama ya Rufani, na kesi iliyo mezani aliisikiliza kule chini, kwa hiyo hawezi kuigusa. Huyu anaumwa, yuko Nairobi kwa matibabu. Huyu wa pembeni naye amestaafu, jina la mrithi wake liko njiani tangu mwaka jana. Vikabaki vitano vinavyotazama watu.

"Rufaa ya katiba imekuja. Wataisikiliza?"

Wakili alieleza kwamba rufaa ya ukomo wa umri ilisikilizwa na saba, hata pale sheria iliporuhusu hadi 11. Watano hawatoshi. Ibara ya 131(2) inataka waletwe makaimu, na makaimu huteuliwa chini ya Ibara ya 142(2): Rais kwa ushauri wa Tume, hata kama mtu amekwisha kupita umri wa kustaafu. Bunge haliulizwi.

Afande, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akasema, "Basi anayeleta makaimu ni yule yule ambaye hakujaza viti."

Karani hakuwa anabuni. Kabla na baada ya mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilipata taabu ya akidi, yaani idadi ya majaji inayotakiwa ili kesi isikilizwe, rufaa za katiba zikangoja, na baadaye majaji waliostaafu wakaitwa warudi kukaimu. Hata kiti cha bluu kilikaa bila mwenyewe. Jaji Mkuu Benjamin Odoki alistaafu kwa umri Juni 2013. Rais alitaka aendelee, mbunge mmoja akaenda mahakamani, na Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ikasema haiwezekani kumteua tena Jaji Mkuu aliyepita umri huo. Bart Katureebe aliapishwa Machi 2015. Katiba inataja Jaji Mkuu kwa idadi iliyo wazi kabisa, yaani mmoja, na bado karibu miaka miwili ilipita bila mwenye kiti kamili.

Ng'ambo ya mpaka

Katika mji ule mtu akitaka kujua Kenya inafanyaje huvuka tu kwa miguu. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 163, imefunga idadi: Jaji Mkuu, Naibu wake na majaji wengine watano. Saba, hapungui mtu wala haongezeki. Akidi ni watano. Kwenye karatasi, hilo ndilo jambo ambalo kikundi kilikuwa kinalitaka.

Mama wa mitumba aliikumbuka tarehe 25 Oktoba 2017 kwa sababu upande wa pili maduka yalikuwa yamefungwa na mzigo wake ulibaki huko. Siku hiyo Mahakama ya Juu ya Kenya ilitakiwa kusikiliza ombi la kusimamisha uchaguzi wa marudio uliokuwa ufanyike kesho yake. Walifika wawili, Jaji Mkuu David Maraga na Jaji Isaac Lenaola. Usiku uliotangulia dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Mwingine alikuwa nje ya nchi kwa matibabu. Ombi halikusikilizwa na uchaguzi ukafanyika. Mwaka mmoja kabla, mahakama ile ile ilikaa miezi kadhaa na majaji wanne tu baada ya Jaji Mkuu Willy Mutunga kuondoka na wenzake wawili kustaafu kwa umri.

Saba iliyofungwa imewakinga Wakenya dhidi ya Rais wa kuongeza marafiki. Haikuwakinga dhidi ya viti vitupu. Na kwa kuwa akidi ni watano kati ya saba, wakikosekana watatu tu mlango unafungwa.

Ugomvi wa njia

Hapa mjadala ulichukua vikao vingi kuliko kitu kingine chochote. Nitaufupisha, ila usipoelewa hili huwezi kuelewa uamuzi wao.

Katiba ya Uganda ina njia tatu za kurekebishwa. Vifungu vilivyotajwa katika Ibara ya 260 vinahitaji theluthi mbili ya wabunge wote na kura ya maoni ya wananchi. Vile vya Ibara ya 261 vinahitaji theluthi mbili pamoja na mabaraza ya wilaya. Vilivyobaki, chini ya Ibara ya 262, ni theluthi mbili za Bunge tu. Ibara ya 130 haimo kwenye orodha ya kura ya maoni. Uhuru wa mahakama, Ibara ya 128(1), umo.

Mwalimu alitaka wapite njia nyepesi ya 262. Wakili akauliza: kufuli linalofunguliwa kwa theluthi mbili litamzuia nani? Tarehe 20 Desemba 2017 wabunge 317 walipiga kura ya kuondoa ukomo wa umri, 97 wakapinga. Serikali yenye watu 317 haihitaji ufunguo mwingine. Ili kufuli liwe kufuli, Ibara ya 130 iongezwe kwenye orodha ya 260. Lakini Ibara ya 260 inajilinda yenyewe: kuigusa kunahitaji kura ya maoni ya nchi nzima. Kikundi cha watu wasiojaa darasa moja kingeomba kura ya maoni kwa sababu ya idadi ya majaji!

Ikumbukwe kwa nini Marekani wanaliamini kufuli la aina hii. Kule marekebisho yanahitaji theluthi mbili za mabaraza yote mawili, kisha majimbo 38 kati ya 50 yakubali. Sentensi ile ile, ikipandwa kwenye udongo wa theluthi mbili za bunge moja, huota mmea mwingine.

Maamuzi na sababu zake

Rasimu ya pili iliachana na tisa. Ilipendekeza sakafu ya saba ibaki na dari ya 11 iandikwe katika Ibara ya 130. Kumi na moja ilichaguliwa kwa sababu moja ya kivitendo: ndiyo iliyokuwa kwenye sheria wakati huo, kwa hiyo hakuna jaji ambaye angepoteza kiti wala gharama mpya ambayo ingeangukia Mfuko Mkuu wa Hazina, unaolipa mishahara ya majaji. Wakili alijua kwamba mswada binafsi wa mbunge hukwama haraka ukigusa hazina.

Pili, badiliko lolote la idadi lisianze kutumika mpaka uchaguzi mkuu unaofuata upite, ili anayeongeza viti asiwe na hakika kwamba ndiye atakayevijaza. Hili lilikuwa wazo la kijana wa boda boda, na kwangu ndilo bora katika rasimu nzima.

Tatu, kiti kikiwa wazi, jina lifike Bungeni ndani ya siku 90. Nne, kaimu atumike kwa kesi aliyoitiwa na si zaidi. Kuhusu njia walikubaliana kwenda na 262, Mwalimu akishinda kwa hoja kwamba kufuli dogo ni afadhali kuliko mlango usio na komeo. Wakili aliandika maoni yake tofauti, yakaambatishwa.

Matokeo

Mbunge wa eneo alilipokea pendekezo ofisini kwake, akawasikiliza kwa heshima. Aliwaambia walipeleke pia kwa kamati ya Bunge ya sheria, na akasema waziwazi kwamba jimboni watu humuuliza barabara, maji na ushuru wa mpakani, hakuna anayemuuliza idadi ya majaji. Mswada haukuletwa. Kamati haikujibu. Rasimu sasa hutumika katika midahalo ya shule za sekondari za eneo hilo, na karani huenda nayo akiwa na viti vyake.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni viti. Watu waliokuwa wamepitisha rasimu kwa dakika chache waliiacha baada ya kuona mgongo wa kiti cha nne. Mjadala wa katiba huelea juu mno, kila mtu akisema "uhuru wa mahakama" kana kwamba wote wanamaanisha jambo moja. Karani aliushusha kwenye swali la kesi fulani, siku fulani, nani yupo. Ulinganisho na Kenya nao ulifaa kwa sababu haukutoka kwenye karatasi; mtu alikuwa amepoteza mzigo.

Kilichokwama kilianzia kwenye kuanza na namba. Tisa ya Marekani ni jibu la hofu ya Wamarekani: kwamba chama kikishika Rais na Bunge kwa pamoja kitaongeza viti. Hofu hiyo ina historia kule. Uganda nyongeza kubwa ya 2011 iliziba pengo la akidi. Shida iliyoonekana mara kwa mara ilikuwa upungufu. Hata Marekani kwenyewe sentensi ya "majaji tisa" isingezuia yaliyotokea mwaka 2016, Jaji Antonin Scalia alipofariki Februari na Seneti ikakataa kabisa kumsikiliza mteule wa Rais Obama. Mahakama ilikaa na wanane hadi Aprili 2017 bila mtu kubadilisha sheria yoyote. Nigeria nayo ina dari katika Katiba yake ya 1999, majaji wasiozidi 21 mbali na Jaji Mkuu, na kwa miaka mingi viti vyake havikujaa.

Kuna upande mwingine, na wakili aliutetea vizuri: kwamba mtu hajafanya jambo si ushahidi kwamba hatalifanya, na kwamba dari huwekwa wakati ambapo hakuna anayeitamani. Nakubaliana naye kuhusu dari. Sikubaliani kwamba dari ndiyo ingekuwa kifungu cha kwanza.

Rasimu pia haikugusa Mahakama ya Rufani, na hili ni pengo kubwa kuliko kikundi kilivyodhani. Kesi za katiba huanzia kule, mbele ya majaji watano wanaokaa kama Mahakama ya Katiba, wakichaguliwa kutoka kundi kubwa zaidi. Julai 2018, kikao kilipofanyika Mbale, rufaa ya ukomo wa umri, iliyokuja kuamuliwa 4 kwa 3, ilitoka kwenye jopo lililogawanyika 4 kwa 1. Anayepanga watano kati ya wengi ana nguvu ambayo idadi ya jumla haiigusi hata kidogo. Marekani wote tisa hukaa kwa kila kesi, ndiyo maana huko kuhesabu viti ni sawa na kuhesabu kura. Hapa kwetu sivyo, na hakuna aliyelisema hilo kikaoni mpaka rasimu ilipokuwa imekwisha kupigwa chapa.

Pengo la mwisho liko katika kifungu kilichowapa fahari zaidi. Siku 90 zimeandikwa, lakini haikuandikwa kitatokea nini siku ya 91. Wakili alikuwa na sentensi tayari: muda ukipita, jina la kwanza kwenye orodha ya Tume liende Bungeni moja kwa moja. Waliikataa wakihofu kwamba kumwondolea Rais uteuzi, hata kwa kiti kimoja, kungeua pendekezo zima kabla halijasomwa. Pendekezo halikusomwa hata hivyo, na rasimu inayozunguka shuleni bado haina sentensi hiyo.